Jaguar ya babu bandani Muheza: kweli ilikuwa ya gavana, na milioni 15 ndo bei yake?

Swali (nimelifupisha): "Shikamoo kaka. Babu yetu alifariki mwaka jana, katuachia Jaguar ya zamani ya kufunua juu, ipo bandani Muheza. Alipewa na meneja wa shamba la mkonge, Mgiriki, aliyeondoka 1967, badala ya mishahara aliyokuwa anamdai. Kadi bado ina jina la Mgiriki. Babu alikuwa anasema gari ilikuwa ya gavana. Mjomba kaweka sumaku kwenye boneti haikushika, sasa anasema bodi ni alumini na ni mali ya mamilioni ya dola. Dalali wa Dar katoa milioni 15. Fundi anashauri tuipige rangi nyekundu, tuweke injini ya Toyota iwake, ndo tuuze. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Nianze na fundi maana naona ndo mwenye haraka kuliko wote. Mwambie asubiri. Asipige msasa, asipake rangi, asitoe injini, hata kuosha kwa mashine ya presha asioshe kwanza, kwa sababu karibu kila unachotaka kukijua kuhusu hiyo gari kimeandikwa kwenye gari yenyewe chini ya hilo vumbi na ile grisi, na mtu mwenye msasa anafuta kwa dakika tano kitu ambacho hata ukiwa na hela huwezi kukirudisha. Gari ya kawaida ukiipaka rangi inapanda bei, hizi za zamani adimu mnunuzi wa maana anataka aione ilivyo, na rangi mpya ya haraka haraka inamfanya ajiulize mnaficha nini. Hiyo injini ya Toyota sitaki hata kuijadili.

Sasa gari yenyewe. Kwa picha ulizotuma hiyo ni Jaguar XK120, na hapo ndo mambo yanakuwa matamu kidogo. XK120 ilitoka 1948 kwenye maonyesho ya magari ya London, ikatengenezwa mpaka 1954, zote kwa jumla zimepita kidogo elfu 12. Ile 120 ni maili kwa saa, kama kilomita 193, na watu hawakuamini kwamba gari ya kununua dukani inafika huko, ndo mwaka 1949 Jaguar wakaipeleka Ubelgiji kwenye barabara ya Jabbeke ikapigwa mbio ikazidi maili 132. Injini ni silinda sita, lita 3.4, kamshafti mbili juu, kabureta mbili za SU, nguvu farasi 160. Kwa 1949 hiyo ilikuwa balaa.

Ila XK120 zina aina tatu, na nyie mna ile ambayo wengi hawaijui. Ya kwanza ni ile ya wazi kabisa ya michezo, tenti jepesi la kubandika, milango haina vioo vya kuzungusha wala vitasa vya nje, na kioo cha mbele unaweza kukifungua ukakiondoa. Ya pili ina paa la bati. Ya tatu, iliyoanza kutoka 1953, ndo hii yenu, ambayo Waingereza wanaiita drophead coupé: tenti nene lenye kitambaa ndani, vioo vya mlango vya kuzungusha kwa mkono, vitasa nje, fremu ya kioo cha mbele imeshikana na bodi na imepakwa rangi ileile ya gari, na dashibodi ni mbao ya mwalnuti badala ya ngozi. Kwenye picha ya ndani mbao inaonekana vizuri ingawa imebabuka, na mkono wa kuzungushia kioo upo. Kwa hiyo mtu akikuuliza usiseme tu "Jaguar ya wazi", mwambie ni drophead, na usukani upo kulia. Hilo la usukani lishike, maana gari nyingi za aina hii zilipelekwa Marekani zikiwa na usukani kushoto. Drophead zote ni kama 1,760 na kidogo, zenye usukani kulia hazifiki 300.

Ila hayo yote ni mpaka namba ziseme, picha hazitoshi. Fungua boneti, angalia kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, kuna kibati chenye namba nne: ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Drophead ya usukani kulia namba yake ya chesisi inaanza na 667, ya kushoto inaanza na 677 au 678. Ukikuta herufi S mbele ya 667 piga vigelegele kimya kimya, maana hiyo ni ile yenye nyongeza za kiwandani, kamshafti kali zaidi, springi ngumu, ekzosi mbili na rimu za spoku. Ukikuta 660 hapo ujue kibati ni cha gari ya wazi na kuna mtu kaunganisha vitu, na tutaongea upya.

Kibati kinaweza kuhamishwa, ni skrubu tu. Kwa hiyo usiishie hapo. Namba ya chesisi imegongwa pia kwenye fremu yenyewe, boriti ya kushoto, usawa wa flaiwili. Itakuwa imejaa grisi ya miaka sitini. Chukua tambara na mafuta ya taa, lowanisha, acha dakika kadhaa, futa taratibu, rudia. Brashi ya waya hapana, msasa hapana. Ikianza kuonekana weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli, namba itatokea yenyewe kwenye karatasi, na hiyo karatasi uitunze pamoja na picha. Kila tarakimu ina umbo lake na hazikupangwa kwa rula, wataalamu wa hizi gari wakiziona tu wanajua hizi ni za kiwandani au kuna mtu kagonga juzi. Afu nenda kwenye injini, namba ipo kwenye bloku juu ya filta ya oili, na inarudiwa mbele ya silinda hedi. Kwenye XK120 inaanza na W au F, na gari ya 1953 kwenda mbele natarajia F. Ikianza na herufi nyingine basi injini imetoka kwenye Jaguar nyingine, Mark VII kwa mfano, maana injini hii Jaguar waliitumia kwenye gari nyingi na kwa miaka mingi sana, na mafundi wa enzi hizo walikuwa wanafunga iliyopatikana. Sio mwisho wa dunia ila bei inashuka.

Zikiwa namba zote zinakubaliana na kibati, hatua inayofuata ni Uingereza. Kuna taasisi inaitwa Jaguar Daimler Heritage Trust, ipo Gaydon, ndo inatunza madaftari ya kiwanda. Unawaombea cheti, unalipa ada, wanakutumia karatasi inayosema gari hii ilitoka na chesisi namba hii, injini hii, bodi hii, giaboksi hii, ilitengenezwa tarehe fulani, ikaondoka kiwandani tarehe fulani, rangi ya nje hii, ngozi ya ndani hii, tenti rangi hii, na ikapelekwa kwa wakala gani. Mara nyingine jina la mnunuzi wa kwanza lipo, mara nyingi halipo. Waandikie wenyewe moja kwa moja, ambatanisha picha za namba na karatasi mlizonazo za umiliki. Hicho cheti kwa bei yake hakuna hela utakayotumia kwenye hii gari itakayokulipa zaidi, fundi wako angekuwa ameshanunua kopo la rangi kwa hela hiyohiyo.

Rangi ya zamani unaweza kuithibitisha bila kungoja mtu: chungulia nyuma ya dashibodi, chini ya siti, ndani ya buti pale ambapo hakuna aliyehangaika kupaka. Nje naona nyeusi ya brashi, ila kwenye ile picha ya mlango uliofunguliwa pembeni ya bawaba kuna kijani hafifu kama cha majani makavu. Jaguar walikuwa na rangi inaitwa Suede Green na mimi ningeweka dau hapo, tuone cheti kitasemaje.

Sasa suala la mjomba na sumaku, na hapa naomba umweleze taratibu maana ni mkubwa na ameshajenga nyumba kichwani. Ni kweli kuna XK120 za alumini. Za mwanzo kabisa, takriban 240, zilitengenezwa kwa mkono bodi nzima ya alumini juu ya fremu ya mbao, kwa sababu Jaguar hawakutegemea wateja wangekuwa wengi kiasi kile, na 1950 walipoona oda zinamiminika wakahamia kwenye bodi ya chuma inayotoka kwenye mashine. Hizo 240 ndo zenye bei za kutisha, zimeshauzwa mnadani zaidi ya dola laki 3. Lakini zote ni zile za wazi za michezo, na drophead ilianza kutengenezwa 1953, miaka mitatu baada ya alumini kwisha. Sumaku yake haikudanganya, ila boneti na mfuniko wa buti viliendelea kuwa vya alumini hata kwenye gari za chuma, ili kupunguza uzito. Mwambie aweke sumaku kwenye madigadi. Itashika. Hapo mjadala utakuwa umeisha bila wewe kumbishia mzee.

La gavana sasa. Hii hadithi naisikia sana, sijui magavana walikuwa wanamiliki magari mangapi, kila gari ya zamani pwani hii ilikuwa ya gavana au ilikimbia Safari Rally. Babu yako simuiti muongo, huenda aliambiwa hivyo na Mgiriki. Kwa tarehe inawezekana, Edward Twining alikuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 mpaka 1958 na gari ni ya 1953 au 1954, kwa hiyo kalenda haikatai. Ila kalenda kutokukataa sio ushahidi. Ushahidi ni picha ya zamani ambayo namba ya gari inasomeka, barua, risiti ya mauzo, kadi ya usajili yenye mlolongo wa wamiliki. Mnunuzi makini hadithi isiyo na karatasi anailipa sifuri, na ukiikazania sana anaanza kuwa na mashaka hata na yale ya kweli. Kwenye tangazo usiandike gavana. Andika Mgiriki, mkonge, 1967, babu, mishahara, kwa sababu hiyo mnayo na inathibitika, na kwa kweli mimi naiona nzuri kuliko ya gavana. Gari ya kifahari iliyobadilishwa na mishahara mwaka wa Azimio la Arusha, mashamba ya mkonge yakitaifishwa, halafu ikakaa familia moja zaidi ya nusu karne, wakusanyaji wanapenda sana kitu kama hicho.

Kwa hiyo itafute vizuri hiyo historia wakati bado kuna watu wa kuuliza. Hamkusema kama kuna barua ya makabidhiano, wazee wa zamani walikuwa wanatunza karatasi, pekua masanduku, Biblia au msahafu, nyuma ya fremu za picha. Toa siti na uingize mkono kwenye mifuko ya milango, humo nimekuta stika za bima, risiti za petroli, hata tiketi za feri. Nenda kwa madereva na mafundi wastaafu wa lile shamba Muheza na uwarekodi kwa simu, uliza jina kamili la Mgiriki, alikuja lini, aliendesha gari gani kabla. Ukipata majina na miaka, panda Dar uende maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, kuna magazeti ya zamani, Tanganyika Standard ilikuwa na matangazo ya magari ya kuuza na habari za hao wazungu wa mashamba kila wiki. Ni kazi ya kuchosha, macho yatauma, ila tangazo moja lenye gari yenu linaweza kujaza pengo lote kati ya kiwandani na 1967.

Kabla ya yote hayo lakini kuna jambo la umiliki na hili ndo linaloua dili nyingi kuliko kutu. Kadi ina jina la Mgiriki, babu hakubadilisha, na babu mwenyewe ametangulia. Maana yake kuna madaraja mawili ya kuvuka: kutoka Mgiriki kwenda kwa babu, na kutoka babu kwenda kwenu. La pili mnalijua, fungueni mirathi mahakamani, familia ikae kikao, msimamizi ateuliwe, gari iandikwe kwenye orodha ya mali za marehemu. La kwanza tafuteni wakili, mpelekeeni kadi, barua kama ipo, viapo vya mashahidi waliomuona babu na gari miaka yote hiyo, afu muende naye TRA mkaulize njia. Msiuze kwa kupeana mikono kabla ya hapo. Ukiuza bila kuwa msimamizi, binamu mmoja tu akienda mahakamani mnunuzi anakimbia au gari inakamatwa bandarini.

Tuje kwenye hela. Bei za hizi gari usizichukue kwenye matangazo, huko kila mtu anaota. Angalia matokeo ya minada, Bonhams, RM Sotheby's na wenzao, wanaweka bei iliyouzwa kweli, ya miaka miwili mitatu ya karibuni na sio ya 2015 soko lilipokuwa juu, na linganisha drophead na drophead, usichanganye na zile za alumini. Kwa nilivyofuatilia, drophead iliyo safi inayotembea imekuwa ikicheza kama dola elfu 80 mpaka 120, zilizorudishwa kwa kiwango cha juu zinapita hapo. Ila yenu sio hiyo. Yenu ni gari iliyolala, na ya kulala inapigiwa hesabu kwa kurudi nyuma: mnunuzi anachukua bei ya gari iliyokamilika, anatoa gharama za kuitengeneza, anatoa usafiri na kodi, anatoa faida na hofu yake, kinachobaki ndo anakupa. Na kuitengeneza ni ghali kweli, huko Uingereza kazi kamili inakula pauni laki moja na kuendelea, ndo maana gari mbovu inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko unavyodhani hata kama ni adimu. Usiruhusu familia ifikirie kuitengeneza yote ndo muuze, mtapata hasara.

Pamoja na hayo milioni 15 ni dharau. XK120 mbovu lakini kamili, namba zikiwa zake, kwa soko la nje ninavyoliona haishuki dola elfu 20, na za usukani kulia zinatafutwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini, hivyo kwa hela yetu tunaongelea kama milioni 50 na kuendelea, na cheti kikitoka vizuri na injini ikiwa yake inaweza kwenda mbali zaidi. Kinachoweza kuivuta chini ni chesisi iliyooza, vitu vilivyopotea (bampa, taa za Lucas, geji za dashibodi za Smiths, fremu ya tenti, hivyo vidogo vidogo ndo vinauma, fremu ya tenti la drophead kuipata ni kazi) na mbao. Ndani ya hiyo bodi kuna mbao za mti wa ash, kwenye maungio ya tenti na sehemu nyingine, na banda la Muheza lina mchwa. Chukua bisibisi, gusa taratibu, ikizama kama kwenye keki, piga picha na uandike. Usifiche.

Na huyo dalali nina wasiwasi naye. Umesema aliomba picha ya kibati na kadi kwanza kabla hata ya kuzunguka gari. Gari nyingi za usukani kushoto zimerudishwa kutoka Marekani zikageuzwa kulia, na mtu mwenye gari kama hiyo anaweza kulipa vizuri apate utambulisho halali wa 667, kibati na karatasi tu, gari yenyewe iende chuma chakavu. Kwa hiyo namba kamili usimtumie mtu yeyote zaidi ya Gaydon na wakili, kwenye picha za kuonyesha watu funika tarakimu mbili za mwisho, na kibati kisitoke kwenye gari hata kwa "kwenda kukisafisha".

Mkiamua kuuza, njia iko mbili. Moja ni hapa hapa Afrika Mashariki, Nairobi kuna watu wa magari ya zamani wa siku nyingi, yale mashindano ya Concours d'Elegance ya Ngong yapo tangu 1970, mkienda pale na bahasha yenu ya picha na cheti mtaongea na watu wanaojua wanachokiona. Nyingine ni kuipeleka mnadani Uingereza, ambako gari ya kihistoria yenye zaidi ya miaka 30 ikikidhi masharti inaingia bila ushuru wa forodha na kulipiwa VAT ya asilimia 5 tu, ila kontena, bima na kamisheni ya mnada ni juu yenu mpaka iuzwe. Mimi ningeanza Nairobi, sio lazima muuzie pale, mtapata angalau ofa ya pili ya kumwonyesha dalali.

Kwa sasa fanya hivi: itoe kwenye udongo, iweke juu ya mawe na mbao matairi yasibebe uzito, ondoa hilo turubai la nailoni maana linafungia unyevu, tumia shuka nzito la pamba, na mwaga dawa ya mchwa kuzunguka banda, sio kwenye gari. Usijaribu kuiwasha. Betri mpya na mtu wa kusukuma ndo vinavyopasua injini iliyokauka, kama mnataka kujua imegoma au haijagoma toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, acha wiki nzima, ndo uzungushe kwa spana pale mbele kwenye puli, kwa mkono, taratibu, ikikataa acha. Ukishapata ile karatasi ya penseli niandikie, niambie tu kama ni 667 na kama kuna S mbele yake, nyingine baki nazo.